Vidonge Kwenye Chupa ya Vitamini

Wifi yangu Nagwa alikaa kwenye meza ya jikoni kwa mama yake, akavitoa vidonge vya moyo kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi zake za foili, tak, tak, tak, akavidondosha kwenye chupa ya vitamini aliyoimaliza yeye mwenyewe mwezi uliopita. Maboksi aliyachana vipande vipande akavizika kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya vitunguu. Kisha akafunga kifuniko, akaitikisa chupa karibu na sikio.

"Baba atakunywa viwili kila asubuhi," alisema. "Cheupe na cha rangi ya waridi. Vya kuongeza damu."

"Haviongezi damu," nilisema. "Vinaizuia isigande. Daktari amesema hivyo mbele yako."

"Mama Hazim, hapa si ofisini kwenu."

Nafanya kazi ofisi ya maji hapa mjini Dumyat, na nina stashahada ya biashara ya miaka miwili. Katika familia ya mume wangu mambo hayo mawili hutajwa kila nikifungua mdomo, kana kwamba ni maradhi.

Baba mkwe, Haji Mitwalli, ni fundi wa samani kama nusu ya wanaume wa mji wetu. Wiki hiyo kifua kilimbana akiwa karakanani, jasho likamtoka mpaka shati likanata mgongoni. Mama mkwe, Hajati Inshirah, alisema ni gesi ya maharage, akaenda kumchemshia binzari tamu. Mume wangu Wagih hakungoja kikombe. Alimpakia baba yake kwenye gari la jirani la kubebea mbao, akamkimbiza hospitali ya mji wa Mansura. Sisi tulifuata kwa teksi.

Kule walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa kiwiko cha mkono mpaka kwenye moyo, wakakuta mshipa mmoja umeziba, umebaki uwazi wa uzi. Wakaupanua, na ndani yake wakaacha stenti, kijibomba cha wavu wa waya, ili usijifunge tena. Kisha daktari akatoka koridoni kutueleza. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, anayezungumza kama mtu aliyeyasema maneno hayo hayo tangu asubuhi. Alisema damu hupenda kuganda juu ya waya ule mpaka nyama ya mshipa iufunike, na hilo huchukua miezi. Kwa hiyo vidonge viwili, kimoja maisha, kingine mwaka mzima.

"Asiache hata siku moja," alisema. "Akitaka kung'oa jino, atupigie simu kwanza. Akitaka upasuaji wowote, atupigie simu kwanza. Akiacha dawa, ile stenti inaweza kuziba ghafla, na hapo msiniletee habari za gesi."

Tulikuwepo wote wanne, mimi, Wagih, Nagwa na Hajati. Tulisikia kwa masikio yetu.

"Daktari," alisema Nagwa, "tunakuomba usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba ana moyo."

"Kila mtu ana moyo, dada yangu."

"Unajua ninachosema."

Daktari alimtazama Wagih, Wagih akatazama sakafu. Hajati alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti ile ya chini ambayo humfanya kila mwanamume aliye karibu akubali chochote. Muuguzi akaja akamwita daktari kwa mgonjwa mwingine.

"Nani atamsimamia dawa?" aliuliza daktari akiwa anaondoka.

"Mimi," alisema Nagwa.

"Basi ni juu yenu."

Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kujua anaumwa nini. Saratani hatuitaji jina, tunasema "ule ugonjwa mbaya", na hata hivyo tunanong'ona. Watu husifiana kwa kuficha. "Masikini, alikufa bila kujua," husema msibani, na wote hutikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nilikulia humo humo, nisijifanye nimetoka mwezini. Lakini yule aliyefichwa saratani hakuwa na la kufanya. Huyu alikuwa na la kufanya kila asubuhi.

"Ana miaka sabini," nilimwambia Wagih tukirudi. "Amehiji. Ameajiri wanaume na kuwafukuza. Mnamficha mwili wake mwenyewe?"

"Unamkumbuka Ami Bayumi?"

Nilimkumbuka. Bayumi alikuwa kaka yake Haji. Daktari alimwambia uso kwa uso kwamba moyo wake umechoka, naye akafia ndani ya teksi kabla hajafika nyumbani. Katika familia ile hakuna anayesema Bayumi alikufa kwa moyo. Wanasema alikufa kwa neno.

"Alikufa kwa sababu moyo ulikuwa umechoka kweli," nilisema.

"Mama Hazim, ni baba yangu. Si baba yako."

Basi Haji Mitwalli akaambiwa kwamba walimchungulia kwa mrija, wakakuta mishipa safi kama ya kijana, ila damu imepungua kidogo. Alifurahi sana. Aliwanunulia wafanyakazi wake mishabbiki, vile vitamu vya kukaanga vya mji wetu, akarudi kwenye kitanda.

Nieleze hicho kitanda. Rodaina, binti ya Nagwa, alikuwa ameposwa, na babu yake alikuwa anamtengenezea chumba chote cha kulala kwa mikono yake, kabati, meza ya kioo na kitanda chenye kichwa kirefu cha mbao ya mzambarau iliyochongwa majani. Kwa mji wetu, bibi harusi anayepelekewa chumba kilichochongwa na Haji Mitwalli hana haja ya kujitambulisha kwa mawifi. Mtu akiambiwa ana moyo huweka patasi chini. Sisemi Nagwa alificha kwa ajili ya kitanda. Nasema tu kwamba kitanda kiliendelea.

Miezi ikapita. Mikono ya Haji ikaanza kutoka madoa ya zambarau kila alipojigonga, akasema mbao za siku hizi zina sumu. Adhuhuri moja nilishuka karakanani kumpelekea chakula. Karakana iko chini ya nyumba yao, sisi tunakaa mtaa wa pili.

"Umekuja kunikatia maji?" alisema aliponiona.

"Leo nimekuletea biringani, Ami. Maji nitakata kesho." Ami ndivyo kwetu mke wa mwana anavyomwita baba mkwe.

Pembeni yake alikaa Haji Shatta, muuza gundi na vanishi, rafiki yake wa tangu ujana. Walikuwa wanakunywa chai, na kwenye sinia, kati ya glasi mbili, ilisimama ile chupa.

"Mwangalie Shatta," alisema baba mkwe. "Nimempa vitamini za Nagwa. Tangu wiki jana anapanda ngazi kama mwizi."

"Wallahi," alisema Shatta. "Mke wangu ameanza kuniogopa."

Nilisimama na sahani mkononi. Nilimwambia Haji Shatta zile vitamini zimepimwa kwa damu ya Ami peke yake, mtu mwingine akizinywa humharibu tumbo. Akashika tumbo lake, akasema kweli, limekuwa likinguruma. Nikapanda juu, nikamkuta Nagwa kwa mama yake, nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Shatta! Na ubahili wake wote, anakunywa dawa ya bure!"

"Nagwa, mwambie baba yako. Leo ni Shatta. Kesho itakuwa nini?"

"Baada ya harusi."

"Hiyo harusi ndiyo itakayomlinda?"

"Nimesema baada ya harusi. Au unataka Rodaina aolewe kwenye msiba?"

Hajati Inshirah alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Kuna watu," alisema kuiambia fulana iliyokuwa mkononi mwake, "mdomo wao haupati usingizi."

Harusi ilipokaribia, Haji Mitwalli akakumbuka meno yake. Alikuwa na magego mabovu ambayo hayakuwa yamemsumbua miaka yote, lakini sasa kungekuwa na mpiga picha. Hakumuuliza mtu. Kwa nini aulize? Mtu mzima mwenye mishipa safi kama ya kijana hatoi taarifa anapokwenda kwa daktari wa meno. Alikwenda peke yake, akarudi na pamba shavuni, akamwambia mkewe ni jino tu, na Hajati akampikia supu.

Sisi wengine tulijua Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwenye chakula cha mchana. Kulikuwa na bata aliyejazwa vitunguu, kama kila Ijumaa Haji akikusanya watoto wake. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya Wagih na mwanangu Hazim. Niliona Ami anasukuma nyama pembeni ya sahani.

"Baba, mbona hutafuni?" aliuliza Nagwa.

"Gego moja limeng'oka, mawili yanangoja. Nataka nicheke vizuri kwenye picha za Rodaina." Alifungua mdomo akatuonyesha pengo. "Damu ilitoka kama bomba la ofisini kwa huyu Ibtisam, mama Hazim. Tangu asubuhi mpaka magharibi. Yule daktari akaogopa kuliko mimi. Akaniuliza, Haji, una moyo? Una sukari? Nikamwambia nina afya kuliko wewe. Akauliza, unakunywa dawa gani? Nikamtolea chupa. Akasoma, akasema vitamini hizi hazina neno, lakini ziache kwanza mpaka nimalize meno yako."

Nagwa alikuwa anapakua wali. Kijiko kilibaki hewani.

"Lini hiyo, Baba?" aliuliza Wagih.

"Wiki jana. Kabla ya Ijumaa iliyopita."

"Na hujazinywa tangu siku hiyo?"

"Nimesema nimeambiwa niache."

"Rudi kuzinywa," alisema Nagwa. "Leo. Sasa hivi."

"Za nini? Ni vitamini."

"Ni nzuri, Baba. Ni za nje. Ni ghali."

"Ghali? Basi wiki nzima nimeokoa." Watu wa miji mingine hutucheka Wadumyati kwa ubahili, na yeye hupenda kujicheka kabla hawajamcheka. Alicheka peke yake.

Nikaitazama meza. Watu wazima wenye akili timamu, kila mmoja anajua kinachoweza kutokea, na hakuna aliyeweza kumpa mzee sababu, maana sababu yenyewe walikwisha kuizika chini ya maganda ya vitunguu.

"Nitakupondea kwenye juisi ya guava," alisema Hajati. "Hutasikia hata ladha."

"Unipondee vitamini kama mtoto? Mna nini leo?"

Wagih alinibana goti chini ya meza. Nilijua maana yake. Nilitoa mkono wake.

"Ami," nilisema, "hivyo si vitamini. Ni dawa ya moyo. Mansura walikuwekea kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo, na bila hivyo vidonge damu inaweza kuganda ndani yake. Inuka, tunakwenda hospitali."

Hajati alijipiga makofi mashavuni, mara mbili. "Umemuua," alisema. "Umemuua mezani, mbele ya chakula chake."

"Anatania, Baba," alisema Nagwa haraka. "Mama Hazim anatania. Tumegombana mimi na yeye juu ya Shatta, sasa anataka kunikomesha."

Haji Mitwalli alitutazama mmoja mmoja. Akamaliza kwa mwanawe.

"Wagih. Mkeo anasema kweli?"

"Baba," alisema mume wangu, "kula kwanza."

Mzee aliinuka, akanawa mikono taratibu, akashuka karakanani, kama afanyavyo akikasirika. Nilichukua ile chupa nikamfuata. Nyuma yangu nilimsikia Hajati anamtaja Bayumi.

Alikuwa ameshaanza kupiga msasa kichwa cha kitanda, kwa nguvu, vumbi linapaa.

"Ami, kunywa viwili, kisha nitukane utakavyo."

"Nani anajua?"

"Sote."

"Na Rodaina?"

"Sidhani."

Aliendelea kupiga msasa. Jani moja la mchongo, upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha akauweka msasa juu ya meza, akaketi kwenye rundo la mbao, akashika taya.

"Jino," alisema.

Halikuwa jino. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya lile vumbi. Nilivimwaga vidonge mkononi, nikachagua vile vyeupe, nikamtia mdomoni, nikamwambia atafune. Alitafuna kwa upande usio na pengo. Nikapiga kelele wamwite yule jirani mwenye gari la mbao.

Mansura safari hii alitoka daktari mwanamke, mwenye umri kama wangu. Damu ilikuwa imeganda ndani ya stenti, alisema. Wameufungua tena mshipa, lakini sehemu ya nyama ya moyo imeshakufa, na iliyobaki itafanya kazi ya yote. Hatanyanyua mbao tena. Ngazi apande kidogo kidogo.

"Alikuwa mzima, daktari," alisema Hajati. "Aliambiwa ghafla, mezani, kwamba ana moyo. Hapo hapo akaanguka."

"Aliacha dawa kwa muda gani?"

Wagih akajibu kwa sauti ndogo, "Wiki moja na kitu."

"Hiyo ndiyo sababu."

"Lakini hofu, daktari," alisema Nagwa. "Hofu haichangii?"

Daktari alikuwa anaandika. Alikuwa na wagonjwa wengine nyuma ya mlango, na nadhani hakujua ameulizwa nini hasa.

"Hofu haimsaidii mgonjwa wa moyo," alisema.

Nagwa aligeuka akanitazama. Hapo kesi ilikwisha. Kila alichosema daktari kabla ya hapo kilifutika, ikabaki hiyo sentensi moja, na hiyo ndiyo iliyorudi Dumyat kabla yangu. Nilipokwenda kununua mkate asubuhi, mwanamke mmoja kwenye foleni alisema, bila kunitazama, "Mungu atukinge na ndimi." Wengine wakaitikia amina.

Nilikatazwa kwenda kumwona. Wagih alihamia kwa mama yake kumsaidia, hivyo ndivyo alivyoiita. Watoto walipouliza baba yao anarudi lini, niliwaambia wamuulize yeye.

Haji alirudishwa nyumbani, na familia ikakaa kitako kumtungia habari mpya. Wakamwambia ni vumbi la mbao lililoingia kifuani. Wakamwambia Ibtisam alitania, na ameshaomba radhi. Alisikiliza yote, nilikuja kuambiwa, akiwa ametazama dari. Hakubisha. Akafunga mdomo tu.

Wagih alikuja kwangu jioni akiwa amevaa kandambili za baba yake.

"Hanywi," alisema.

"Nani?"

"Baba. Hospitali walikuwa wanampa manesi, alikuwa anameza. Tangu amerudi nyumbani anatema. Nagwa alisaga kwenye mtindi, Baba akagundua, akatupa bakuli ukutani. Hata maji sasa anayanusa kwanza."

"Mwambieni kweli."

"Tumemwambia."

"Mmemwambia nini?"

Alijikuna shingo. "Kwamba hizi ni vitamini za aina nyingine."

Nilimtazama huyu mwanamume niliyezaa naye watoto wawili. Halafu nilivaa viatu. Njiani nilipita duka la dawa, nikachukua maboksi mapya yaliyofungwa, nikamwambia muuzaji asiyafungue.

Hajati Inshirah alinifungulia mlango, akageuka akaenda jikoni bila salamu. Nagwa alikuwa kwenye kiti cha chumbani, macho yamevimba. Mzee alikuwa amewekewa mito mgongoni, maana akilala chali pumzi humwishia. Alikuwa amepungua. Mikono tu ndiyo ilibaki ile ile, mikubwa, juu ya shuka.

"Kaa," alisema. "Sema yote. Na wewe Nagwa usitoke."

Nilisema yote. Mansura, koridoni, daktari wa kwanza na maneno yake juu ya jino, chupa, maganda ya vitunguu. Nilipofika kwa Bayumi alipunga mkono niipite hiyo.

"Hicho kijibomba kikoje?"

"Kama springi ya kalamu, Ami. Kidogo zaidi."

"Kimeshikwa na nini?"

"Kinabana kwa nguvu yake chenyewe mpaka nyama ikifunike. Ndiyo inachukua miezi. Vidonge vinailinda damu isigande juu yake wakati huo."

"Kama gundi inavyongojwa."

"Kama gundi."

Nagwa alianza kulia, mzee akamwambia aache.

"Tangu ujana nauza viti," alisema. "Kiti ambacho gundi haijashika hukikalii, hata mteja akisimama mlangoni anapiga kelele. Mngeniambia hivyo tu. Kuna kitu kimeunganishwa ndani yako, Mitwalli, hakijashika, usikiguse. Ningehitaji kuelezwa mara mbili?"

Aliitazama mikono yake juu ya shuka.

"Na mimi nikampa Shatta."

"Shatta mzima," nilisema.

"Shatta mzima." Alitikisa kichwa. "Tazama hapo." Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua miezi yote."

"Nilijua."

"Na kila Ijumaa ulikula mezani kwangu."

"Nilikula."

Ningeweza kumhesabia mara zote nilizogombana na watoto wake. Ingemfaa nini? Kugombana kwangu kulifanyika jikoni na ndani ya gari, na yeye hakuwepo. Nilitoa boksi kwenye mfuko.

Alilichukua. Alivaa miwani. Alisoma jina la dawa herufi kwa herufi, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, akageuza akatazama gundi ya kifuniko kama imefunguliwa. Ndipo akanirudishia. "Fungua mbele yangu." Nikafungua. Akaweka kiganja wazi. Kidonge kilipotoka kwenye foili, tak, akakimeza hapo hapo, akanywa maji kutoka kwenye glasi niliyoijaza mwenyewe bombani.

Harusi ilifanyika siku yake. Kichwa cha kitanda kilimaliziwa na fundi mwingine, na ukipitisha kiganja juu yake utajua mahali Haji alipoishia, maana upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza. Kwenye picha amekaa kwenye kiti katikati ya familia. Hacheki. Yale magego mawili mengine hayakung'olewa tena. Muziki ulipopigwa Rodaina alimjia mikono mbele ili wacheze, mzee akajaribu kusimama, akasimama nusu, akaketi. Bibi harusi akamchezea pale pale mbele ya kiti, huku analia na rangi ya macho inamchuruzika. Bado hajaambiwa. Anadhani ni vumbi la mbao.

Mama mkwe alikuwa meza ya mbele na wageni wa upande wa bwana harusi. Nilipita na sinia nikamsikia anawaeleza. "Alikuwa kama simba. Neno moja tu, mezani." Wakanitazama, wakachukua vinywaji kwenye sinia yangu bila kunigusa vidole.

Wagih amerudi nyumbani. Tunazungumza juu ya ada, mboga na bomba la choo.

Kila asubuhi kabla ya kazi nakwenda kwa Haji Mitwalli, maana hataki dawa kutoka mkono mwingine. Hajati hufungua mlango na kuondoka. Nagwa, akiwepo, huingia chumba kingine. Huwa namwamkia Ami, huwa anaitika, na hapo mazungumzo yetu huishia. Nilidhani baada ya wiki chache atazoea, atanyoosha tu mkono. Wiki chache zimepita, na nyingine juu yake.

"Onyesha boksi," husema.

Namwonyesha. Anavaa miwani, anasoma mpaka herufi ya mwisho. Kisha anageuza sikio kuelekea kwangu na kungoja asikie foili inapasuka.